Sikuusainia Mtambo Uliofuta Ndege

Wanaosema nilipelekwa stoo kwa sababu ya kiburi, msibishane nao. Kiburi ninacho. Nimezaliwa nacho Temeke, nimestaafu nacho, na nadhani watanizika nacho. Ila wakiwasimulia habari zangu huishia hapo hapo kwenye kiburi, hawasemi kilichotokea. Ndiyo maana nawaandikia nyie mnaoanza kazi hii, mlioko chuoni na mlioajiriwa juzi, mlisikie jambo hili kwangu kabla hamjalisikia kwa watu.

Mie naitwa Tatu. Kazini waliniita Dada Tatu, mvi zilipoanza kuchungulia chini ya mtandio wakahamia Bi Tatu. Nilikuwa fundi wa mitambo ya kuziangalia ndege angani, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa napima kama vifaa vinavyozuia ndege zisigongane vinaziona ndege zote. Zote. Neno hilo dogo ndilo lililonitia matatani.

Majirani zangu hapa Yombo, ambako ndege zinapita juu ya bati mpaka vikombe vinatikisika kabatini, waliniulizaga, "Bi Tatu, kwani hizo ndege hazionani zenyewe?" Nikawa nawajibu hivi. Kila ndege inabeba kijisanduku, sie tunakiita transponda. Kikiulizwa uko wapi na uko juu kiasi gani, kinajibu. Ndege kubwa zina kifaa cha kuuliza: kinaziuliza ndege za jirani, kinasikiliza majibu, kikihisi hatari kinamwambia rubani panda au shuka. Huku chini nasi tuna mitambo inayosikiliza majibu hayo hayo na kumwekea mwongoza ndege nukta kwenye skrini.

Sasa nenda sokoni Buguruni asubuhi. Muuza nyanya mmoja akiita, unamsikia. Wakiita ishirini kwa pamoja, kuna bibi mwenye sauti ndogo atamezwa, na nyanya zake zipo pale pale. Angani ni vivyo hivyo. Asubuhi ndege ndogo za kwenda Zanzibar zinaondoka moja nyuma ya nyingine, kubwa nazo zinashuka, wote wanauliza, wote wanajibu, majibu yanapandana. Ndege yenye transponda chovu inamezwa. Ipo, ina watu ndani, ila hakuna anayeisikia. Kazi ya mpimaji ni kumtafuta yule aliyemezwa. Basi. Mengine yote ni makaratasi.

Msinione hodari. Mie mwenyewe niliwahi kumfuta mtu.

Nilikuwa bado mgeni kazini, nafundishwa na Mzee Komba, mtu wa Songea, mfupi, mkali wa hesabu, mwenye tabia ya kula karanga juu ya michoro mpaka mashine zetu zote zilikuwa na maganda. Siku zile data tulizinasa kwenye mikanda, kisha tunazichapa kwenye karatasi ndefu kama sanda. Kazi yangu ilikuwa kuzisafisha. Kule Kurasini makontena na kreni za bandarini hurudisha mawimbi kama ukuta unavyorudisha mwangwi, kwa hiyo mara nyingine karatasi inaonyesha ndege ambayo haipo. Hizo tuliziita mizimu. Ukikuta mzimu, unaufuta.

Nikawa stadi wa kufuta. Karatasi zangu zilikuwa safi kuliko za mtu yeyote pale, nazo zilinipa sifa. Asubuhi kadhaa mfululizo niliona nukta juu ya Kigamboni, inatokea, inapotea, inatokea tena mbele kidogo. Nikasema hiyo ni kreni. Nikaandika pembeni "mzimu", nikaifuta katika ripoti. Mzee Komba akasaini chini.

Wiki iliyofuata mlango wetu ulifunguliwa bila hodi. Akaingia mwanaume mrefu amevaa shati jeupe la urubani, mgongo umelowa jasho.

"Shikamoo, Kapteni," nikasema.

"Marahaba. Nani hapa anaandika ripoti ya ndege zinazoonekana?"

"Ni mie."

Akaweka karatasi mezani kwangu na kidole chake kwenye mstari wangu.

"Mzimu huyu ni mie," akasema. "Naitwa Mushi. Hiyo asubuhi ya mwisho hapo nilikuwa na abiria sita na mtoto mchanga."

 Yeye akaendelea, sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alikuwa juu ya Kigamboni, kuna ukungu, akaona giza limemfunika kama mtu amevuta pazia. Alipotazama juu lilikuwa tumbo la ndege kubwa inayoshuka. "Niliona misumari ya tumbo lake, dada. Misumari. Nikainamisha ndege mpaka abiria wakapiga mayowe. Nimetua, nimetoa taarifa, naambiwa ripoti yenu inasema pale hapakuwa na ndege."

Walipoifungua ndege yake walikuta antena ya transponda imeliwa na kutu. Ilikuwa inajibu kwa kugugumia. Kama ile asubuhi ya kwanza ningeandika tu kwamba kuna kitu pale sikielewi, mtu angekwenda kuangalia, na antena ingebadilishwa kabla ya lile tumbo la ndege kupita juu ya kichwa cha mtoto mchanga.

Nilidhani Mzee Komba atanifukuza. Alimaliza karanga zilizokuwa mkononi, akafuta vidole kwenye suruali, akaniambia, "Skrini ni shahidi mmoja tu, Tatu. Kesi haiamuliwi na shahidi mmoja. Siku nyingine toka nje ukamtafute wa pili." Kisha akapanda ngazi kwenda kwa wakubwa, na nilikuja kusikia baadaye alichokwenda kusema. Alisema, "Kosa ni langu. Nimesaini bila kusoma." Hakutaja jina langu. Walimnyima cheo alichokuwa akikisubiri, na hakuwahi kunikumbusha, hata siku nilipomuudhi.

Tangu hapo tukaongeza safu moja kwenye karatasi zetu. Juu yake iliandikwa "Sijui". Kitu ambacho huna hakika nacho hukifuti, unakiweka humo, na hakitoki humo mpaka mtu amekwenda kukiangalia. Chukueni hilo hata kama mengine mtayasahau. Fundi anayeogopa kuandika sijui ataua watu siku moja, tena kwa mwandiko mzuri.

Miaka ikaenda. Mikanda ikaondoka, zikaja kompyuta. Mzee Komba akastaafu, akarudi kwao, akafariki huko. Nikawa mie ndiye kiongozi wa upimaji, mie ndiye ninayesaini. Ndipo ukaletwa mtambo mpya.

Niseme ukweli, ulikuwa mtambo mzuri. Skrini yake ilikuwa safi kama sahani ya harusi. Nukta hazitetemeki, haziruki, hakuna mzimu hata mmoja. Waongoza ndege walioanza kujifunzia walifurahi. Kampuni iliyotuuzia ilimweka injinia wake hapa, kijana Mtanzania mwenye adabu na akili nyingi, aliyeitwa Deo. Meneja wetu, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa ana wajukuu, alishapanga uzinduzi. Turubai limekodiwa, mgeni rasmi amekubali, vitambaa vya kushonea sare kina mama wa ofisini wamegawiwa. Kilichobaki kilikuwa ripoti ya upimaji na saini yangu.

Usafi ule ndio ulionitia wasiwasi. Nilikuwa nimewahi kuwa na karatasi safi.

Kwanza nilipima kama walivyotaka, siku nzima, saa zote. Matokeo yakawa mazuri. Halafu nikazitenga saa za asubuhi peke yake, ule muda wa foleni ya ndege za Zanzibar, nikaona kitu sikukipenda. Idadi ya ndege ndogo kwenye mtambo ilikuwa chini ya idadi niliyoandikiwa na vijana wanaojaza mafuta. Wajaza mafuta hawasahau ndege, wanangu. Mkitaka kujua nini kimeruka, waulizeni wao na wafagiaji wa kiwanjani kabla hamjaiuliza kompyuta.

Nikatoka nje kumtafuta shahidi wa pili.

Buguruni iko karibu chini ya njia ambayo ndege hupita zikishapaa kuelekea mjini. Kulikuwa na ghorofa la mama mmoja muuza vitenge, Mama Zuhura, tuliyesoma naye madrasa. Nikamwomba paa lake. Nikapanda na kiti cha plastiki, darubini, saa, daftari na redio ndogo ya kuwasikiliza marubani. Asubuhi ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, nikiwa nimeelekeza darubini juu, nikasikia viatu nyuma yangu. Ni mjumbe wa nyumba kumi, na nyuma yake wanawake watatu wenye makapu ya nguo za kuanika.

"Bibie," akasema, "tumepata malalamiko. Unachungulia nini huku?"

"Ndege."

"Ndege zipi? Maana hapo mbele kuna bafu la Mzee Shabani halina paa."

Wanawake wale walicheka mpaka wakaweka makapu chini. Nilimpa darubini aangalie mwenyewe. Ikapita ndege ndogo, nikamwambia asome namba ya ubavuni, akaisoma herufi kwa herufi kama mtoto wa chekechea. Tangu siku hiyo mjumbe akawa anapanda kila asubuhi na chai ya tangawizi, ananisomea namba, mie naandika. Macho yake yalikuwa mazuri kuliko yangu.

Nikakaa pale mpaka daftari likajaa. Kila jioni nilikuwa nalilinganisha na kumbukumbu za mtambo, dakika kwa dakika. Ndege zilizopaa moja moja, mtambo uliziona. Ndege zilipopaa zimefuatana na kubwa ziko karibu, kila mara kulikuwa na moja ambayo mie na mjumbe tumeisoma namba kwa macho yetu na mtambo unasema haikuwepo. Haikuonyeshwa hata kwa kutetemeka. Haikuwepo kabisa.

Nilipeleka daftari kwa Meneja. Alikuwa na Deo ofisini.

"Bi Tatu," Meneja akaanza, "wastani wa siku nzima unasemaje?"

"Wastani ni mzuri."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Abiria hapandi wastani, Meneja. Anapanda ndege ya saa mbili asubuhi."

Deo akasema kwa upole, "Shikamoo tena Bi Tatu. Labda ni daftari. Mtu wa juu ya paa anaweza kukosea dakika."

"Marahaba mwanangu. Anaweza. Ndiyo maana nilikaa mpaka daftari likajaa. Na wewe mtambo wako unaweza kukosea, ila naona wewe hujaenda kuangalia."

Meneja akasukuma ripoti mbele yangu na kalamu juu yake. "Mgeni rasmi hapangiwi tarehe na mjumbe wa Buguruni. Saini, kasoro zitarekebishwa baadaye."

"Sisaini."

"Ni amri."

"Amri inaweza kunihamisha mie, haiwezi kuiweka ndege kwenye skrini."

Akanyanyuka. Mnajua, watu wote pale ofisini walijua kwamba mie naogopa kupanda ndege. Maisha yangu yote nimefanya kazi na ndege na sijawahi kupanda hata kwenda Zanzibar, naendaga kwa boti na kutapika. Ilikuwa ndiyo utani wao kila mwaka mpya. Basi Meneja akacheka akasema, "Kama una hakika kiasi hicho, panda wewe mwenyewe kwenye hiyo ndege isiyoonekana, uje utuambie."

Moyo ulinilipuka. Lakini mdomo wangu huwa hausubiri moyo.

"Niandikie," nikasema.

"Nini?"

"Niandikie hapo, kwamba umeruhusu jaribio na mie nipande."

Akaandika. Aliandika kwa mbwembwe, kwenye pembe ya ripoti yenyewe, akiwatazama watu waliokuwa wamekusanyika mlangoni, akasaini na tarehe akaweka. Walicheka wote. Nami nikaikunja karatasi nikaiweka kwenye mkoba. Kesho yake barua ya uhamisho ikanikuta mezani: nimepelekwa stoo ya vipuri, kuhesabu boliti.

Nililia, nisiwadanganye. Nililia stoo, nimekaa juu ya kasha la antena kuukuu, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniambia jioni, "Tatu, umebakiza muda mfupi ustaafu. Saini, mama, upumzike." Nikamuuliza, "Wewe mwanao Mwajuma akienda Zanzibar anapanda nini?"  Mwajuma alikuwa mwalimu kule, na tofauti na mama yake, alikuwa anapanda ndege ndogo, asubuhi, ili awahi vipindi. Mume wangu akachukua taa akaenda kufunga mlango wa nje, aliporudi akasema, "Usisaini."

Nilimtafuta Kapteni Mushi. Naye alikuwa mtu mzima sasa, kichwa chote cheupe, bado anarusha ndege ndogo. Nikamwonyesha karatasi yenye maandishi ya Meneja. Akaisoma mara mbili.

"Huyu alikuwa anatania," akasema.

"Sijaona mahali palipoandikwa utani."

Akacheka sana. Yeye ndiye aliyekwenda kwa mkuu wa zamu ya waongoza ndege, mtu makini asiyependa maneno mengi, akamweleza tunachotaka. Mtambo wa zamani ulikuwa bado unafanya kazi pamoja na ule mpya, kwa hiyo usalama ulikuwepo. Tulikubaliana hivi: ndege mbili ndogo, ya Mushi na ya rubani mwenzake, zitapaa kwenye foleni ya kawaida ya asubuhi. Zitatengwa kwa urefu, futi elfu moja kamili kati yao, lakini zitakuwa umbali mmoja kutoka kwenye antena yetu, ili majibu yao yafike pamoja. Ndege kubwa zitapita juu kwa nafasi ya kutosha. Hakuna atakayekuwa hatarini. Kitakachopimwa ni nani anaonekana. Mkuu wa zamu akamwalika Meneja na Deo waje chumbani kuangalia skrini mpya. Meneja hakuweza kukataa. Saini ilikuwa yake.

Asubuhi ile nilisoma kila dua ninayoijua na nyingine nikazitunga. Ndege ya Mushi ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, mlango wake mwepesi kama wa kabati la vyombo.

"Bi Tatu, funga mkanda."

"Nimefunga."

"Basi legeza. Hivyo hutapumua."

Tukapaa.  Nilifumba macho mpaka Mushi aliposema, "Fungua, vinginevyo umekuja kupima nini?" Nikafungua. Buguruni ilikuwa chini yetu, mabati yanang'aa, halafu reli, halafu bandari na makontena yake kama vipande vya domino, halafu maji, na upande wa pili Kigamboni. Nilikuwa nimeiangalia anga hii kwenye karatasi tangu ujana wangu, na sikujua kwamba ina rangi.

Marubani na waongoza ndege huzungumza Kiingereza redioni, nawaandikia kwa Kiswahili ili tusichoshane. Mkuu wa zamu akaita.

"Nakuona," akasema.

Nikamtazama Mushi. Akaendelea kurusha. Tukaita tena baada ya muda.

"Nakuona."

Wanangu, hapo ndipo nilipoogopa kweli, na haikuwa kuogopa kuanguka. Niliwaza, je, kama nimekosea? Kama daftari langu lote ni mie na mjumbe na chai ya tangawizi? Niliwaza Meneja anavyotabasamu kule chini. Nikawaza hata hivyo nisingesaini, na nikajiuliza kama huo sasa ndio ukweli au ndio kile kiburi wanachokisema.

Ndege ya pili ikafika sawa nasi, juu yetu, ikiwa imetengwa kama tulivyopanga. Nyuma yake zikatoka nyingine mbili za Zanzibar. Kutoka kusini ikaja kubwa, inashuka. Mushi akaita, akataja alipo na urefu wake.

 Halafu mkuu wa zamu akasema, taratibu, "Nakusikia vizuri. Sikuoni."

"Rudia?"

"Kwenye mtambo wa zamani unatetemeka lakini upo. Kwenye mpya sikuoni. Hupo kabisa."

Mushi alinitazama, nami nikamwashiria kwa mkono aendelee kusema. Akasema, "Nipo juu ya Kigamboni. Kulia kwangu naona daraja. Chini yangu naona meli nyekundu inaingia bandarini. Nina abiria mmoja, mwanamke, amevaa mtandio wa kijani, na ameshika mkono wangu kiasi cha kuniumiza."

Mkuu wa zamu hakucheka. Akamwita rubani wa ile ndege kubwa, akamuuliza kifaa chake cha kuzuia kugongana kinaonyesha ndege ngapi ndogo chini yake hapo Kigamboni. Yule akajibu, "Moja."

Tulikuwa mbili.

Mmoja aliyekuwepo chumbani aliniambia baadaye kwamba wote waliisogelea skrini mpya. Sauti ya Mushi inajaa chumbani, anataja daraja, anataja meli, na kwenye skrini ile safi mahali tulipo pana weusi mtupu. Meneja aliuliza, "Labda redio yake ndiyo mbovu?" Mkuu wa zamu akamjibu, "Redio yake ndiyo pekee inayofanya kazi hapa."

Tulipotua Mushi akanishusha kama gunia. Deo alikuwa amekuja mpaka kiwanjani kwa kukimbia, amejaa jasho.

"Ni chujio, Bi Tatu," akasema, hata salamu amesahau. "Tumeweka chujio ndani ya mtambo. Nukta ikikosa kujibu mara chache mfululizo, mtambo unaihesabu kuwa ni ya uongo, unaifuta. Tuliliweka kali ili skrini iwe safi. Majibu yakipandana asubuhi, ndege za kweli nazo zinachujwa." Akainama. "Nilipaswa kupanda paa na wewe."

Nilikuwa nimejiandaa kumsema mtu yeyote atakayenijia, lakini yule kijana nilishindwa. Nikamwambia, "Hata mie nilipokuwa na umri wako nilifanya hivyo hivyo, tena kwa mkono, bila chujio. Huyu hapa ndiye niliyemfuta." Nikamwonyesha Mushi. Mushi akampa mkono.

Uzinduzi ukaahirishwa. Turubai likafungwa, sare zikavaliwa kwenye harusi ya mtu. Deo na wenzake wakalegeza chujio: nukta yenye mashaka ikawa haifutwi tena, inabaki kwenye skrini kwa rangi nyingine ili mwongoza ndege aiulizie. Ikasimikwa antena ya pili upande wa Kigamboni, kwa sababu majibu yanayofika pamoja upande mmoja, upande mwingine hayafiki pamoja. Chujio haliwezi kuisaidia ile ndege kubwa iliyoona moja badala ya mbili, kwa hiyo wenye ndege ndogo wakaandikiwa wabadilishe transponda zao za zamani. Walinung'unika, wakabadilisha.

Mie nikabaki stoo. Hakuna aliyeniomba radhi na wala sikungoja. Nilikuwa nahesabu boliti zangu vizuri sana, kama kuna anayebisha aende akazihesabu.

Miezi ikapita, siku moja Meneja akashuka stoo mwenyewe. Alibeba ripoti mpya. Alisema marekebisho yamekamilika, na kwamba watu wa juu hawataki saini ya mtu mwingine, wanataka yangu. Nikamwambia sawa, nitapima. Nikapima asubuhi za kazi na asubuhi za sikukuu, za ukungu na za jua, mpaka nikaridhika. Mtambo ulikuwa umeona kila ndege niliyoiona.

Nikaichukua ripoti. Juu ya mahali pa saini nikaandika kwa kalamu sentensi moja: "Mtambo huu hauioni ndege ambayo transponda yake imezimika au haipo, kwa hiyo macho na redio visiachwe."

Meneja akaisoma akiwa amesimama. "Hii ya nini tena? Umesema umeridhika."

"Nimeridhika na kile mtambo unachokiona. Hiyo ni kwa ajili ya usichokiona."

"Itoe, Bi Tatu. Mgeni rasmi atasomewa ripoti hii mbele ya watu. Inaonekana kama tumenunua kitu kibovu."

"Si kibovu. Ni mtambo. Ukiitoa sentensi, toa na jina langu."

 Alikuwa mtu mwenye kazi yake ya kulinda, nami namwelewa, kumwelewa si kumtii. Mwishowe akaikunja ripoti akaiweka kwapani, akapanda ngazi bila kuaga.

Siku ya uzinduzi sikualikwa. Nilikuwa stoo na boliti zangu, dirisha liko wazi, nikasikia ripoti inasomwa kwa kipaza sauti kule uwanjani, mpaka ukurasa wa mwisho. Msomaji akasita. Nikaacha kuhesabu. Halafu akaisoma sentensi yangu yote, neno kwa neno, na baada yake akasoma jina langu.